Ndia Kuu si makosa ya chapa

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa tafsiri aya fupi ya Kiingereza inayosimulia matembezi ya kando ya bahari wakati wa 'spring'. Karibu wote huandika 'majira ya machipuko'. Sina ugomvi nao, kwani kamusi zinalo neno hilo. Ila nikiwauliza machipuko hayo huangukia mwezi gani pale Mombasa au Lamu, darasa zima hunyamaza. Mwaka mmoja niliongeza 'spring tide' kwa uchokozi tu. Nikapata 'maji ya machipuko', nikapata 'mawimbi ya masika', na mmoja akaniandikia 'wimbi la chemchemi'! Hakuna hata mmoja aliyekumbuka bamvua, neno ambalo mvuvi yeyote wa Mkomani hulitaja kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na mwenzake maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana.

Watu wa pwani hawakuugawa mwaka wao kwa majani ya miti. Waliugawa kwa pepo. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndio uliokuwa ukileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi hushika baadaye na kuvirudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili kuna majuma machache ambapo upepo hauna mwenyewe, leo watoka huku, kesho kule. Wakati huo wazee waliuita maleleji, au tanga mbili, maana nahodha angeweza kutweka tanga akaelekea upande wowote. Kama ni lazima tumtafutie huyo 'spring' mwenziwe wa pwani, mimi ningemchagua tanga mbili. Haina maua, lakini ina historia. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, na tarehe 24 mwezi huo huo akaondoka Malindi kwenda Bara Hindi, kusi ikianza kumsukuma mgongoni. Hakuja Aprili kwa kupenda.

Basi ilikuwa tanga mbili, Aprili iliyopita, siku moja baada ya kongamano lililofanyika katika hoteli moja ya ufuoni Nyali. Nikawaambia wanafunzi wangu watatu wa uzamili kwamba gari litangulie na mizigo, sisi twende Ngomeni kwa miguu. Ni mwendo wa kilomita nane hivi ukipindapinda. Wawili kati yao ni vijana wa bara kama mimi, mtu wa Kiirua, huko Buuri, ambako upepo tunaoujua ni ule wa baridi unaoteremka kutoka mlimani na kuyumbisha ngano. Wa tatu ni binti wa Kibokoni, mtaa ulio jirani na ngome yenyewe. Sikutaka tutalii. Nilitaka wasome majina njiani kama wanavyosoma hati katika maktaba, maana nimeona wanafunzi wengi wakiamini kwamba hati ni karatasi tu.

Tulianza alfajiri, maji yakiwa yamekupwa mbali. Na hapo hapo somo la kwanza li wazi. Pwani ni kitenzi kupwa pamoja na kiambishi -ni, yaani pale maji yanapopwa. Ukisimama kwenye mchanga wa Nyali wakati wa bamvua, bahari ikiwa imeacha mwamba wazi na wavuvi wakichokoa pweza mashimoni, huhitaji mwalimu wa mofolojia. Mkono mmoja tulikuwa na bahari, mkono wa pili kuta za hoteli na za matajiri, moja baada ya nyingine, na vichochoro vya umma vya kushukia ufuoni vinazidi kuwa vyembamba. Lakini hilo ni la safu nyingine.

Tukaelekea kusini, mpaka ukingo wa Nyali unaotazamana na Mji wa Kale. Kuna mnara wa kumbukumbu ya Johann Ludwig Krapf hapo, na kaburi la mkewe Rosine, aliyefariki Julai 1844, miezi michache baada ya kufika Mombasa, pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf anajulikana shuleni kama mmisionari. Mimi humkumbuka kama mtu aliyesikiliza. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla, na kwa sehemu kubwa Kiswahili kilichomo ni kile alichokisikia hapa, Kimvita. Ndiye pia Mzungu wa kwanza kuripoti kuuona mlima wetu, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani. Sisi Wameru twauita Kirimaara. Yeye aliandika jina alilolipata kwa Wakamba, na leo ndilo jina la nchi nzima. Ajabu ya mambo, jina la Jamhuri lilipita kwenye daftari la mtu ambaye mkewe amezikwa hapa karibu na nazi zinapoangukia.

Ng'ambo ya maji, ngome inaonekana kabisa, rangi yake kama papai lililoiva. Kijana mmoja akasema angeweza kuogelea akafika kabla yetu. Nikamwambia ajaribu, na alama zake nitazipeleka kwa wazazi.

Kwa miguu, hata hivyo, ni lazima uzunguke kupitia darajani, na kabla ya daraja upite Kengeleni. Makanga wa matatu hulitangaza jina hilo kutwa, 'Kengeleni hao! Kengeleni!', wala sidhani mmoja katika kumi hujiuliza kengele gani. Ni ile iliyo kwenye mnara mdogo karibu na njia panda. Mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa baada ya kubanwa na Uingereza, ambayo mjumbe wake katika mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Baada yake chama cha wamisionari wa Kianglikana kilinunua ardhi Kisauni na kuanzisha makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Makao hayo yakaitwa Frere Town, kwa heshima ya huyo Sir Bartle. Kengele ilipigwa kuwatahadharisha wakazi pindi wavamizi wa watumwa wanapoonekana.

Sasa tazama kilichotokea. Jina la bwana mkubwa lipo kwenye ramani na kwenye kanisa. Jina la kengele ndilo lililo kwenye midomo ya watu. Waliolitamka kwanza walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo, waliong'olewa kwao wakiwa wadogo, na wengine walikuwa wamepelekwa kwanza Bombay na kurudishwa Afrika wakiwa wamesomeshwa ufundi na Kiingereza. Miongoni mwa hao wa Bombay walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliofundisha Rabai kabla ya Frere Town haijaanzishwa. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya mama. Walichokuwa nacho pamoja ni Kiswahili, na kengele. Husemwa sana kwamba Kiswahili kilienea bara kwa misafara ya biashara. Ni kweli, ila katika historia hiyo mara nyingi tunawasahau watu ambao kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kwanza ya uhuru wao.

Hatua chache kutoka hapo ni Kongowea, soko kubwa la jumla ambako viazi na vitunguu vya kwetu Buuri hupakuliwa usiku kutoka kwenye malori. Mwenyeji wa Kiirua akisikia Kongowea hufikiria bei ya gunia. Kumbe Kongowea ni moja ya majina ya kale ya Mombasa yenyewe, mji ambao mapokeo ya wenyeji yanasema uliongozwa na Mwana Mkisi kabla ya Shehe Mvita. Muyaka bin Haji, malenga aliyeishi Mombasa hadi mnamo 1840, alilijua jina hilo kwa maana ya mji na wala si ya soko.

Daraja la Nyali tulilivuka haraka, jua likiwa limeanza kuuma. Hili la sasa ni la 1980. Kabla yake, tangu 1931, palikuwa na daraja la kuelea juu ya maboya, na wazee wa Mombasa bado hulizungumza kama jamaa aliyefariki. Tukapita Markiti, ambapo harufu ya iliki na karafuu hukupokea kabla ya wachuuzi. Serikali ya kikoloni iliupa mjengo ule jina la Mackinnon. Watu wakachukua neno moja tu la Kiingereza, wakaliongeza irabu mahali palipofaa, basi. Soko la viungo likawa Markiti, na Mackinnon akabaki mwenyewe.

Na hatimaye tukaingia Mji wa Kale na kushika barabara ya Ndia Kuu.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Zamani za Wareno njia hii ilikuwapo, nao waliiita Raposeira. Jina hilo limekufa, limebaki katika vitabu tu. Ndia Kuu limeishi. Sasa, mgeni wa bara akisoma kibao cha Ndia Kuu huwaza mambo mawili. Mtu wa Kirinyaga atadhani wamemletea jina la kwao, maana kule wako watu wa Ndia. Wengine wote watadhani ni kosa la mwandika kibao. Nimesoma miswada miwili ya vitabu vya wanafunzi ambamo mhariri amebadilisha na kuandika 'Njia Kuu', bila shaka akijipongeza.

Si kosa. Ni Kimvita. Pale ambapo Kiswahili sanifu kina nj katika maneno kadhaa, Kimvita kina nd: ndia, ndaa, ndoo, yaani njia, njaa, njoo. Na pale penye ch aghalabu Kimvita kina t: tini, mato, kitwa, mtele. Hata hiyo t nayo si moja. Mmvita hutofautisha t inayotamkwa ulimi ukigusa meno na t inayotamkwa ulimi ukigusa ufizi, na tofauti hiyo inaweza kubadilisha maana ya neno zima. Tahajia tunayoitumia leo haina namna ya kuionyesha. Masikio ya sisi wa bara nayo hayaisikii mpaka tufunzwe.

Kwa nini basi Kimvita kionekane kosa katika mji wake chenyewe? Jibu lina tarehe. Katika karne ya kumi na tisa palikuwa na mivutano miwili ya kimisheni. Mombasa, Krapf na waliomfuata waliandika Kimvita. Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake waliandika Kiunguja. Kila upande ulikuwa na vitabu vyake, sarufi yake na sala zake. Serikali za kikoloni zilipotaka Kiswahili kimoja cha kufundishia, ziliitisha mkutano mwezi Juni 1928, mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof akiwamo. Mkutano huo ukapendekeza lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi zote hizi ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Na mkutano huo ulifanyikia wapi? Mombasa! Kimvita kilihukumiwa nyumbani kwao, na wamisionari wa huku waliokitetea wakashindwa.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa wa kijinga. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri hadi maziwa makuu, na lugha ya kufundishia haina budi kuwa na sura moja. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wa usanifishaji maisha yangu yote. Ninachokataa ni ile hatua ya pili, ambayo mkutano wa 1928 haukuiagiza. Hiyo ni kumfanya mtoto wa Mombasa aamini kwamba mamake hajui Kiswahili.

Binti wa Kibokoni alikuwa kimya muda wote huo. Akasema, 'Mwalimu, mimi nilipigwa kwa ndoo.' Wenzake wakadhani ndoo ya maji. Kumbe akiwa darasa la tatu alimwita mwenzake, 'Ndoo!', mwalimu akasikia, akamchapa kwa kuharibu lugha. Mwalimu huyo, akaongeza, alikuwa ametoka bara na alikuwa akisema 'kuja hapa'. Tulicheka, lakini yeye alicheka kidogo tu. Nyumbani kwao, alisema, tangu siku ile wadogo zake walifunzwa kusema njoo mbele ya wageni.

Na tafadhali mtu asiniambie lahaja hii haikuandikwa. Diwani ya Muyaka ilichapishwa 1940, baada ya mashairi yake kukusanywa na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Ahmad Nassir alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin. Ndugu yake, Abdilatif Abdalla, alitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Kitabu hicho tumekifundisha vyuoni miaka na miaka. Mwanafunzi akikutana na Kimvita katika shairi, twamwambia ni 'uhuru wa mshairi'. Akikutana nacho barabarani, twamwambia ni kosa. Uhuru gani! Mshairi anaandika alivyofunzwa na mamake.

Barazani penye kivuli wazee wanne walikuwa wakicheza karata. Nikawasalimu, wakatukaribisha. Mmoja akamuuliza binti, 'Mwatoka wapi na juani hili?' Aliposikia tumetoka Nyali kwa miguu aliangalia viatu vyangu, halafu akaniangalia mimi, kisha akarudia karata zake. Nikawaambia wanafunzi wasikilize majina ya karata: kopa, uru, pau, shupaza. Yote manne ni Kireno. Wareno walikaa hapa karne moja na zaidi, wakamwaga damu si haba, na walichotuachia midomoni ni vitu vya namna hii: karata, meza, bendera, mvinyo, pera, leso. Hilo la mwisho lilikuwa kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani wakavishona vitambaa hivyo pamoja mpaka vikawa vazi, na leo Mombasa ukitaka kanga utaomba leso.

'Shikani ndia hii moja kwa moja,' mzee akatuelekeza, 'mtatokea Ngomeni.' Hakusema Fort Jesus.

Ngome hiyo Wareno waliipa jina tarehe 11 Aprili 1593. Walikuwa wameuchoma mji mara kadhaa kuanzia 1505 bila kuutawala kwa kudumu. Kilichowashtua ni jahazi za kivita za Waturuki chini ya Amir Ali Bey katika miaka ya 1580. Hapo wakaamua kuhamisha makao yao kutoka Malindi. Mchoro ulikuwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na waashi waliletwa kutoka Bara Hindi. Ukiitazama kutoka angani utaona umbo la mtu aliyelala chali. Pembe zake zina majina ya watakatifu, ambao kwa bahati njema walikuwa pia majina ya wakubwa wa wakati ule: Filipe ni mfalme, Matias ni gavana wa Goa, Mateus ni kapteni aliyeisimamia kazi.

Historia ya ndani yake ni ndefu na mabango yapo, kwa hiyo nitataja mambo mawili tu ambayo wanafunzi waliyasimamia kwa muda mrefu kuliko mengine. La kwanza ni Yusuf bin Hassan. Babake, mtawala wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa mwaka 1626 kuwa mfalme. Tarehe 15 Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini yake, akaishikilia ngome hiyo hadi mwaka uliofuata. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa kilishindwa kumtoa. La pili ni mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza tarehe 13 Machi 1696 na kumalizika tarehe 13 Desemba 1698. Vitabu vya shule huyaita vita vya Waarabu na Wareno. Lakini njaa na maradhi viliwamaliza Wareno mapema, na kwa majuma kadhaa mwaka 1697 aliyekuwa akiiamuru ngome hiyo ni Mswahili, Bwana Daud wa Faza. Waliokuwa wakipigana, pande zote mbili, wengi walikuwa watu wa mwambao huu.

Baada ya hapo palikuwa na Wamazrui, kisha Sayyid Said mwaka 1837, kisha mizinga ya manowari za Kiingereza mwaka 1875 dhidi ya akida aliyeasi. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Makumbusho ilifunguliwa 1960, na mwaka 2011 ngome ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa niwape neno moja ambalo ndani yake mnaweza kuiona historia hiyo yote. Gereza. Linatokana na Kireno igreja, kanisa. Mtu atauliza, kanisa limekuwaje kifungo? Limepita katikati. Kule Kilwa Kisiwani boma la kale linaitwa Gereza hadi leo, na halina wafungwa. Unguja, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani juu ya mabaki ya kanisa la Wareno, na baadaye nayo ikatumika kama kifungo. Basi mtu wa pwani aliona jengo la mawe ambalo wageni waliliita igreja. Wenyewe wakabadilika, jengo likapata mizinga, jina likabaki. Wakaja wengine wakaweka minyororo, jina likabaki. Hapa Mombasa, ndani ya kuta hizi, palikuwa na kanisa, mabaki yake yanaonekana uwanjani, na wafungwa wakaja kulala karibu nayo. Neno limefuata matumizi ya jengo bila kuulizwa na kamati yoyote.

Tulipopanda juu ya ukuta wa upande wa bahari, kijana mmoja, naye Mmeru wa Imenti, akauliza kwa sauti ya chini kidogo, 'Mwalimu, lakini sisi watu wa mlimani, haya yatuhusu nini hasa?'

Nikamuuliza kama babu yake hakumsimulia Mbwaa. Alikuwa amesikia jina tu. Wazee wetu husimulia kwamba Wameru walitoka Mbwaa, mahali pa maji, ambapo walikuwa watumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune, nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa kazi zisizowezekana, mojawapo ikiwa kutengeneza ndara yenye manyoya pande zote mbili, na wakaitengeneza kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Mwishowe wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukicha wakawa Ntune. Waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe. Mtafiti Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa Meru, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu.

Binti wa Kibokoni akageuka. 'Kwa hivyo nyinyi ni watu wa huku?' Nikamwambia, mwanangu, tuseme tuliondoka bila kuaga.

Nguo Ntune walikuwa akina nani? Wapo wanaosema Waarabu, wapo wanaosema Wareno. Bendera ya Sultani, nyekundu tupu, ilipepea juu ya ngome hii hadi Desemba 1963, na mtu mwenye haraka ataunga mambo hayo mawili. Mimi siungi. Simulizi yataja nguo, haitaji bendera, na rangi nyekundu ilivaliwa na wengi. Lakini neno nguo ni lile lile kwa Mmvita na kwa Mmeru, na hakuna aliyelazimika kumkopesha mwenzake.

Binti huyo amekwisha kuwasilisha pendekezo la tasnifu yake kuhusu majina ya mitaa ya Mji wa Kale. Msomaji mmoja wa pendekezo hilo alilizungushia neno Ndia kalamu nyekundu mara kumi na moja na kuandika pembeni 'tahajia'. Nimeyarudisha yote kumi na moja yalivyokuwa, nikatia saini.